Kula shaba: safari ya peke yangu ku kilima kisicho na miti

Mmezoea kunisoma hapa juu ya mahindi, mbolea na wadudu wa nyanya. Leo nitaongea historia. Msiogope, nitapitia ku udongo na ku majani, ile njo njia ninayoijua.

Kuna nchi ambako watu wanapanda milima kwa raha tu, mtu peke yake, wakati majani yanageuka rangi, halafu jioni wanarudi nyumbani kunywa chai. Kwetu Katanga mtu anayepanda mlima ana sababu. Anafuata makala, asali, masuku, uyoga, ama jiwe. Ndiyo maana siku niliyopanda peke yangu, kila mtu niliyekutana naye njiani aliniuliza swali moja.

Ilikuwa mwezi wa tano, siku ya posho. Mvua zimeisha, baridi ya asubuhi imeanza kuuma, nyasi zingali ndefu lakini zimeanza kuwa njano, na moto wa mapori bado haujapita. Kwa kutembea hakuna wakati mzuri kama huo. Nilitoka Lubumbashi saa kumi na moja alfajiri na bisi ya Likasi. Ikaniacha kando ya barabara, pikipiki ikanifikisha kijijini, na toka pale ikabaki miguu. Sitataja jina la kijiji wala la kilima. Mtaelewa mbele juu ya nini.

Ku kijiji nilimkuta mama mmoja mzee ameketi mbele ya jiko lake anamenya mihogo. Nikamwamkia. Akaniangalia viatu, akaangalia mfuko mgongoni.

— We mutoto, unaenda wapi weye moya? Uko wa sosiyete gani?

— Hapana, mama. Siko wa sosiyete. Niko natembea tu, nataka kuona kile kilima.

— Batu banatembeaka tu? Kile kilima hakiko na miti, hakiko na nyama. Kiko na nini ya kuona?

— Maua, mama.

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

— Banaanzaka na maua, akasema. Kisha banakuya na mashini.

Akanituma kwanza kwa shefu. Nikaacha pale sukari na chumvi, nikaeleza kwamba nilisoma mambo ya mashamba na kwamba sina karatasi ya mtu yeyote. Shefu alinisikiliza mpaka mwisho. Alinipa njia kwa neno moja: "Angalia, lakini usitose jiwe." Nikaahidi.

Pale miti inapokwisha

Saa ya kwanza ni pori la kawaida la miombo, lile tunalolijua wote: mitondo, misamba, mimasuku, na katikati yake vichuguu vikubwa kama nyumba. Unapanda polepole, kivuli kiko, ndege wako. Kisha, bila mtu kukuambia kitu, miti inakwisha. Haipungui moja moja vile inavyopungua karibu na tanuru za makala. Inakatika, kama mtu alipiga mstari. Mbele yako kunabaki nyasi fupi, mawe, na mteremko mtupu mpaka juu. Ukiwa mbali, kilima kinaonekana kama kichwa chenye upara katikati ya nywele.

Nilikaa ku mstari ule nikanywa maji. Nilisoma habari za vilima hivi ku fakilte, niliviona ku picha, nilipita kando yake mara mia ndani ya bisi. Lakini sikuwahi kuuweka mguu mmoja ku pori na mguu mwingine ku shaba.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Udongo wa kawaida una shaba kidogo sana, miligramu makumi chache ku kilo moja. Juu ya vilima hivi inaweza kupita miligramu 10,000. Kwa mmea wa kawaida hiyo ni sumu: mizizi inafupika, majani yanakuwa njano, mche unakufa. Ukipanda mahindi pale hutavuna hata gunzi. Ni mimea michache tu iliyojifunza kuishi ndani ya udongo ule, tena kwa muda mrefu sana, na mingine ilizoea mpaka haipatikani pengine popote.

Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Bruxelles, alitembea ku vilima vyetu vingi, na mwaka 1963 yeye na Simone Denaeyer-De Smet walitoa kazi kubwa juu ya shaba na mimea ya Katanga. Nyuma yao François Malaisse, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka mingi, na wanafunzi wake waliendelea. Leo tunajua kwamba ku vilima vya shaba na kobalti vya Katanga kunaota aina zaidi ya 600 za mimea, na kati yao zaidi ya 30 hazioti mahali pengine duniani. Haziko Zambia, haziko Brazil, haziko Uchina. Ziko hapa tu, juu ya madoa ya udongo ambayo mengine yanalingana na kiwanja cha mpira.

Nilipokuwa napanda, nyasi zilifika magotini, kisha zikashuka ku vifundo vya miguu. Karibu na mawe nikaliona lile ua nililolifuata: *Haumaniastrum katangense*, ua la shaba. Ni mmea mdogo, wa ukoo mmoja na lumbalumba tunayotia ku chai, na maua yake yana rangi ya zambarau. Haliotti peke yake: likiota, linaota kama shamba. Mteremko mzima ulikuwa na ile rangi.

Jambo moja juu ya ua hili lilinishangaza tangu nilipolisoma. Watu walifikiri linapenda shaba kama chakula. Majaribio yakaonyesha kitu kingine: ku udongo wa kawaida linashambuliwa na kuvu za udongoni, linaoza mapema. Shaba inaua zile kuvu. Wenzangu wa maraishe mtaelewa haraka, ni sababu ile ile inayotufanya tupige nyanya dawa ya shaba wakati wa mvua. Ua hili linaishi pale ambapo adui yake hawezi kuishi.

Nani alikisoma kilima kwanza?

Sasa tuje ku historia. Ku shule, historia ya shaba yetu tuliimba kwa tarehe tatu. 1906, Union Minière du Haut-Katanga inaundwa. 1910, reli kutoka kusini inafika na mji wa Élisabethville unaanza. 1911, tanuru la kando ya mto Lubumbashi linamwaga shaba yake ya kwanza, jiwe likitoka Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Mbele ya pale, ni kama hapakuwa na kitu. Pori, na jiwe linalongoja mtu wa kuliona.

Lakini angalieni wale wanaoitwa wagunduzi walifanya kazi namna gani. Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji, alifika 1892 na msafara wa Bia na Francqui. Ndiye aliyechora jiolojia ya kwanza ya nchi hii. Mtu mmoja, ndani ya miezi michache, ku nchi kubwa hivi, bila mashini ya kutoboa, alionaje vilima vingi vya shaba? Alipelekwa. Wenyeji walivijua kwa majina. Alipofika alikuta mashimo ya kuchimba yamekwisha kuwa makubwa. Toka mbali aliona vile vipara kati ya miti, alama ambayo watu wa hapa waliisoma zamani. Miaka tisa nyuma yake, watafutaji wa Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, walifika Kambove na kukuta shimo la wazee ambalo liliwashangaza kwa ukubwa. Karibu kila mahali ambapo bendera ya kampuni ilipigwa, palikuwa na shimo la Mwafrika chini yake.

Na yale mashimo hayakuwa ya juzi. Ku mkanda wetu wa shaba, upande wetu na upande wa Zambia, watu wanayeyusha shaba tangu zaidi ya miaka 1,000. Kaskazini, ku makaburi ya Sanga karibu na ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba miaka ya 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea nyuma yao. Walikuta maiti wamezikwa na vitu vya shaba, na ku makaburi ya nyakati za mbele, misalaba ya shaba. Misalaba ya kwanza ni mikubwa, imewekwa ku kifua. Ya baadaye ni midogo, mingi, karibu na mikono, kama vile mtu anashika makuta. Kule Kisale hakuna mgodi wa shaba. Ilitoka huku kusini, ku vilima hivi, ikabebwa na watu mamia ya kilomita. Ile misalaba ilikuwa mali, ilikuwa mahari, ilikuwa franka ya wakati ule. Ndiyo ile ile mtaiona mitatu ku bendera ya Katanga ya 1960.

Mwezi wa tano, baada ya mavuno

Wenye vilima hivi, Wabelgiji waliwaita "walaji wa shaba". Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza kanisa la Katanga, alitoa makala yenye jina hilo mwaka 1926. Alikuwa amewaona wazee wa Basanga wakiyeyusha shaba namna ya zamani, na aliandika yale aliyoyaona. Yeye alikuwa mtu wa ukoloni, na mambo mengi aliyoyatetea siwezi kuyatetea. Lakini mbele ya tanuru aliangalia vizuri. Na jina lile halikuwa tusi: wenyeji wenyewe walisema wanakwenda "kula shaba", kama sisi tunavyosema mtu anakula kazi yake.

Kazi ilianza mwezi wa tano, mtama ukishavunwa. Kijiji kilihama na kupiga kambi karibu na kilima. Wanaume walichimba na majembe ya chuma, wakifuata mshipa wa malakiti, lile jiwe la kijani, mpaka chini. Wanawake na watoto walikusanya, wakachagua, wakaosha mawe mtoni. Wengine walichoma makala, si ya mti wowote, ya miti waliyoijua. Tanuru ilijengwa na udongo wa kichuguu, juu yake unastahimili moto. Mivukuto ya ngozi ya mnyama, mirija ya udongo ya kupitisha hewa, na mzee mmoja mwenye kujua, ambaye bila yeye hakuna aliyethubutu kuwasha. Shaba ya kwanza ikitoka, waliiyeyusha tena kuisafisha, wakaimwaga ku kalibu, msalaba ukatoka.

Nilikuwa nimesoma hayo mara nyingi. Lakini siku ile, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, ilikuwa mwezi wa tano. Chini niliona mashamba ya kijiji, mahindi yamekauka, mengine yamevunwa. Nikajiuliza swali la agronomi: juu ya nini mwezi wa tano?

Jibu liko wazi kwa kila mmoja wetu aliyelima. Mbele ya mwezi wa tano, shimo lina maji ya mvua, na mikono yote iko shambani. Mwezi wa tano mvua imekatika, maji yanashuka, kuni zinaanza kukauka. Mikono iko huru. Na ghala limejaa: mnaweza kulisha wachimbaji, wachoma makala na wapuliza mivukuto miezi mitatu, mine, bila kununua chakula kwa mtu. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ikilia, mnafunga kambi, mnarudi kupanda. Kalenda ya shaba ilikuwa kalenda ya shamba. Mwaka wa njaa haukuwa na shaba, juu hakuna aliyeweza kukaa ku tanuru na tumbo tupu. Shamba lilikuwa la kwanza. Shaba ilikula ku sahani ya shamba.

Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa paradiso. Shaba ilileta pia watu wenye nguvu. Katikati ya karne ya 19 Wayeke walitoka Unyamwezi, kule Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe. Msiri akajenga utawala wake Bunkeya na kudai kodi. Mafundi wake walijulikana kwa kuivuta shaba mpaka iwe uzi mwembamba wa bangili. Watumwa waliuzwa, bunduki ziliingia. Na ku njia zile zile za biashara Kiswahili kilipita, kikasogea mpaka kwetu. Hii lugha ninayowaandikia, kwa sehemu, ilibebwa na shaba. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, kapiteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Msiri risasi, akamwua. Mwaka uliofuata Cornet alikuwa anachora karata yake.

Siku ya posho

Toka 1911 kalenda ilivunjika. Tanuru la kampuni halikuzima mwezi wa kumi kwa kungoja mvua. Lilitaka watu miezi kumi na miwili. Kampuni iliwatafuta mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Mtu aliyetolewa ku shamba lake na kuwekwa ku kambi anahitaji kulishwa, na vijiji vya hapa havikutosha kulisha mji uliokua haraka hivyo. Basi unga wa mahindi ukaja na reli kutoka Rhodesia. Kila mfanyakazi akapewa sehemu yake, posho. Ndiyo sababu mpaka leo ku Lubumbashi siku ya mwisho ya kazi tunaiitaka siku ya posho. Bibi zetu walisimama ku mstari siku ile, na jina likabaki ndani ya kinywa chetu, hata kwa watoto wasiojua mstari ulikuwa wapi.

Ile njo habari niliyotaka kuwaletea leo. Mji wetu ulizaliwa na tumbo linalolishwa kutoka nje, na miaka zaidi ya 100 nyuma yake hatujabadilika. Nendeni sokoni Kenya ama Katuba, angalieni magunia. Zambia ikifunga mpaka kwa mahindi, bei ya bukari inapanda ku kila nyumba ndani ya wiki. Nchi ile ile, mvua ile ile, udongo mwekundu ule ule, mstari wa mpaka tu katikati. Wazee walikula shaba kwa sababu ghala limejaa. Sisi tunakula shaba kwa sababu ghala ni tupu.

Na nikisema sisi, ni mimi pia. Baba yangu alikuwa mtu wa mgodi, na kampuni yake ilipowaacha watu, nyumbani hapakuwa na shamba la kurudia. Mwaka wa kwanza na wa pili ku iniversite, wakati wa likizo, nilikwenda na bakrezeri kuosha mawe mtoni, maji ya baridi mpaka kiunoni, ili nilipe minervali. Lisansi yangu ya agronomi ililipwa na shaba. Sina mdomo wa kumhukumu kijana anayeshuka ndani ya shimo.

Chini, kando ya kijito

Nilishuka upande mwingine, ku kijito. Pale, ndani ya pori, mbali na kilima, nikaona tena rangi ya zambarau. Doa dogo, kama ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili, ua la shaba peke yake, miti imelizunguka. Mwili ulinisisimka. Udongo wa pale hauna sababu ya kuwa na shaba, ila kama mtu aliileta.

Mwaka 1982 watafiti, Malaisse akiwa kati yao, walieleza jambo hili: ua la shaba linaota ku mahali pa tanuru za zamani, juu ya mabaki yaliyotia sumu udongo, hata miaka mamia baada ya moto kuzima. Ukilifuata ua, unafika ku tanuru. Nikapiga magoti. Kati ya mashina kulikuwa na vipande vya udongo ulioiva, chekundu upande mmoja, cheusi upande mwingine, na kimoja kilikuwa na tundu la mviringo, mrija wa mvukuto. Kulikuwa na takataka nyeusi ya tanuru, laini kama kioo, na chembe ndogo za kijani ndani yake.

Nilikishika kile kipande cha mrija, nikakigeuza, nikaona alama za vidole vya aliyeukanda ule udongo. Nikakirudisha mahali pake. Shefu alisema jiwe tu, hakusema chungu, lakini nilielewa alichotaka kusema.

Sasa mtaelewa juu ya nini sitaji jina. Wiki mbili kabla ya safari hii, rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye alinipigia simu. Anawafanyia kazi wanunuzi wa jiwe. Aliniambia: "We uko agro, unajua maua yale. Tuonyeshe tu fasi yanaota, mengine tutafanya siye." Makuta aliyotaja yanazidi yale ninayopata ku miezi sita ya kuuza mboga. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitafikiri. Nilipanda kilima kwa sehemu kwa sababu ya simu ile, niseme ukweli.

Elimu niliyopewa ku fakilte inafanya kazi pande mbili. Kwa elimu ile ile naweza kufika ku tanuru ya mababu, na kwa elimu ile ile naweza kuleta mashini juu yake. Kilima kikichimbwa, jiwe linaondoka, pesa inaondoka nalo, na mimea isiyoota pengine popote inakwisha. Kuna aina ambazo watafiti tayari wanafikiri zimepotea. Na ile karatasi ya udongo ambayo historia yetu ya mbele ya 1906 iliandikwa inachanwa, kabla hatujaisoma hata nusu.

Tena tunazihitaji zile mbegu hapa mjini. Ku Penga Penga, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa tanuru la Lubumbashi miaka mingi, miti ilikufa na udongo ukabaki uchi. Watafiti wa iniversite yetu walijaribu kuufunika tena na chokaa, mbolea ya kuoza, na nyasi moja ndogo, *Microchloa altera*, inayostahimili shaba. Ile nyasi ilitoka ku vilima kama kile. Dawa ya kidonda cha mji inaota ku mlima.

Ninachoomba

Nilimpigia rafiki yangu jioni ile ile nikiwa kando ya barabara nangoja bisi. Nilimwambia hapana. Alicheka, akasema wataipata tu, na mwenye kuionyesha atakuwa mtu mwingine. Inawezekana ana haki. Hapana yangu moja haitalinda kilima. Vijana wa kijiji wenyewe wanajua kilichomo, na mwaka ambao mahindi yatakosa, watashika sururu, na mimi nitakosa la kuwaambia.

Ndiyo sababu siwaombi mlie juu ya maua. Naomba tuanze pale wazee walianzia, ku ghala. Shirika letu lina wana agronomi, wana mifugo, wana maji na misitu. Msimu huu mpya, kabla ya mvua ya mwezi wa kumi, twende ku kijiji kile watu watano ama sita, kwa ruhusa ya shefu, na mbegu nzuri ya mahindi, soya, na vijiti vya mihogo visivyo na ugonjwa. Tukae nao msimu mzima, si siku moja ya kupiga picha. Pamoja na hiyo, tuandike majina ambayo wazee wanayaita mimea ya kilima, na tuulize nani kati yao alisikia habari za tanuru kwa babu yake. Wanaojua hawatangoja sana.

Nilipopita tena mbele ya yule mama, jua lilikuwa linashuka. Alinipa kipande cha muhogo uliochomwa, akaniuliza kama niliona maua. Nikasema ndiyo. Akaangalia mikono yangu, akaangalia mfuko, akaona uko mwepesi vile ulivyokuwa asubuhi.

— Basi rudia mwezi wa kumi, akasema. Kutakuwa kazi ya kupanda.

Anayetaka kwenda, ajiandikishe kwa katibu wetu. Siku nyingine tutaendelea na nyanya.